Piki Ndefu ya Délice

Mtu akikuuliza Délice Nkeshimana anakaa wapi, usihangaike na namba ya nyumba. Mwambie aende Kimanga, hapa Uvira, asubuhi, atege sikio. Kuna piki moja pale inayokohoa kidogo, inanyamaza kana kwamba inafikiri, halafu inanguruma mpaka mabati ya jirani yanatetemeka. Hiyo ndiyo yake. Watu walilalamika mwanzoni, wakachoka, wakazoea, na sasa yuko mama mmoja mtaani hapo anayeinjika chai kwa mlio huo.

Piki yenyewe si hizi fupi za taksi zinazosongamana kwenye lami na tumbo karibu liguse chini. Ni ndefu. Délice, ambaye si mfupi, akiikalia hugusa ardhi kwa ncha za vidole tu. Ina taa, ina namba, ina klaksoni, yaani kila kitu ambacho polisi wa barabarani anatafuta kisingizio nacho, kwa hiyo mjini inapita kwa heshima zake. Lakini pine zake za magurudumu zina meno, springi zake zinabonyea na kurudi bila kulalamika, na bomba la moshi limepandishwa juu karibu na kiti ili maji ya mto yasiingie. Ukiitoa kwenye lami ukaitia kwenye matope, haikuulizi tunaenda wapi.

Marcellin, fundi wa hapo Kimanga, aliiunda kwa kuunganisha piki mbili zilizokufa. Délice alimshikia spana msimu mzima wa mvua, mikono myeusi hadi viwikoni, kwa makubaliano kwamba siku itakapowaka ataondoka nayo. Ikawaka. Siku hiyo alienda nayo mpaka Kalundu bandarini, akageuza, akaenda mpaka Kavimvira mpakani, akageuza tena, hana shughuli yoyote kote huko, anacheka peke yake ndani ya kaske, kofia ya piki, mpaka kioo kikaingia ukungu. Tangu hapo ndiyo inayomlisha. Anapandisha ndagala wakavu, vile visamaki vya ziwani, milimani, anashusha maharage na siagi ya ng'ombe. Njia ambazo motari, waendesha taksi wa mjini, wakizisikia tu wanashika kichwa, yeye anazijua jiwe kwa jiwe.

Sasa tuseme ukweli: si kila mtu aliifurahia. Tantine Charlotte, dada wa marehemu baba yao, aliyemlea Délice na mdogo wake Pontien kule mtaa wa Songo, aliichukia piki hiyo kama mtu anavyomchukia mkwe mlevi. Wachumba walikuwa wamekuja, wakamkuta Délice amelala chali chini ya chuma, grisi puani, wakasalimia kwa adabu na hawakuonekana tena. "Mwanamuke anapanda ile kitu sawa vile anaruka ukuta," Tantine alikuwa akisema. "Bantu banaona miguu, habaone akili."

Basi Pontien akampenda Teta. Teta alikuwa akisomea uuguzi mjini, anakaa kwa ndugu zake Rugenge, lakini kwao ni juu, kwenye nyanda za malisho, kitongoji cha Rukobero. Baba yake, mzee Hagenimana, ni mfugaji na mtu wa kanisa, na sifa zake zilishuka mlimani kabla yake: hapendi kelele, hapendi kuchelewa, na hapendi watu wa bondeni wanaojua mpunga tu. Tantine Charlotte akaona huu ndio wakati wake. Akamkalisha Délice chini.

"Tunaenda kuposa kwa bantu ba ng'ombe, bantu ba adabu," akamwambia. "Posa ikipita, ile kitu inauzwa. Nimekwisha kusema na mucuruzi mumoja wa Kavimvira. Siku ya kwanza anakuya kuichukua."

Siku ya kwanza, yaani Jumatatu baada ya posa. Délice alitaka kukataa. Lakini utamkataliaje mama aliyevaa kitenge kimoja miaka na miaka ili wewe uvae sare ya shule? Akasema sawa, akatoka nje, akaifuta piki yake yote kwa kitambaa, na ilimuuma sana. Alijua kwamba akiachana nayo atarudi kukaa nyuma ya meza ya ndagala sokoni, akitazama milima kwa mbali.

Jumamosi ya posa ikafika. Jeep ya kukodi ilijazwa makreti ya Fanta, kwa sababu wakwe hawanywi pombe, jambo ambalo wajomba walilipokea kwa huzuni kubwa. Fanta ikaingia, wajomba wakaingia, shangazi wakaingia na imvutano, mashuka yao ya begani ya kung'aa, mzee Jean-Marie msemaji akaingia na suti yake nyeupe, na Délice akabaki nje. Hakuna nafasi hata ya kuku.

Tantine akamtazama, akaitazama piki, akapumua. "Kuya nayo, basi. Lakini utaiacha kwa duka ya mwisho, unapanda na miguu. Bakwe basiione."

Délice hakungoja aambiwe tena. Imvutano yake akaikunja ndani ya mfuko, akavaa suruali, akawasha. Loo, asubuhi ile. Ziwa linabaki mgongoni mwake, miwa ya Kiliba pembeni, hewa ya bondeni bado baridi, na yeye anajua hii ndiyo safari ya mwisho, kwa hiyo anaila yote. Anaipita jeep, anapunguza, jeep inampita, anaipita tena. Pontien alimpungia mkono kupitia dirisha akicheka, mpaka Tantine akaushusha mkono huo.

Mbele ya Sange wakaacha barabara kubwa, wakaelekea milimani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha huko juu. Njia imekuwa nyekundu, inateleza. Jeep ilipanda vizuri kwanza, ikapanda kwa mashaka, kisha ilipofika kwenye kijito kimoja kisicho hata na jina, ikaingia, ikazama mpaka ekseli na kukataa kabisa. Wajomba wakavua viatu, wakasukuma. Magurudumu yakawarushia matope usoni, jeep ikazidi kuzama.

Hapa lazima ujue desturi ya nyumba ya Hagenimana. Kwake, neno la binti linasemwa ng'ombe wakiwa uani. Wanarudi kupumzika jua likiwa kali, na likianza kulegea wanatoka tena kwenda malishoni. Wakitoka, mlango wa maneno umefungwa, wageni wanakunywa maziwa na kurudi kwao, na siku nyingine inatafutwa msimu mwingine. Na siku ya posa bwana arusi hana kinywa. Hata akiwa na shahada, ananyamaza. Anayesema ni msemaji peke yake. Jeep ingeweza kulala pale mtoni mpaka Noeli na hakuna ambaye angelia, lakini bila Jean-Marie hakuna posa.

Jean-Marie akalitazama jua. Pontien akamtazama dada yake. Wajomba wote, na matope yao, wakageuka kumtazama Tantine Charlotte. Tantine akayatazama maji muda mrefu.

"Mupandishe muzee," akasema hatimaye, bila kumtazama Délice usoni.

"Minye?" akauliza Jean-Marie. "Juu ya ile? Charlotte, minye niko na watoto."

"Bameisha kuoa wote. Panda."

Wakampandisha, wakamvalisha kaske, suti nyeupe wakaifunga na kitenge cha mtu. Délice akavuka kijito maji yakigonga magoti, akasimama juu ya vikanyagio, akatia gia, vitesi ya kwanza, akapanda ukingo. Nyuma yake Jean-Marie alianza kusali rozari. Kwenye kona ya kwanza akaacha rozari kwa sababu alihitaji mikono yote.

Na sasa, wacha nikwambie, Délice alifurahi. Afurahi vipi siku kama hiyo? Alifurahi tu, huna la kumfanya. Njia ilikuwa imechimbwa na maji, mifereji huku na huku, katikati tuta la mawe, na piki ndefu inatembea juu yake ikibonyea na kuinuka, pine za meno zinashika pale ambapo hakuna cha kushika. Panapoteleza anaiacha iteleze kidogo, anaipokea, anaongeza. Migomba ikabaki chini, wakaingia kwenye ukungu, wakatoka upande wa pili wa ukungu, na mbele yao majani tu, kilima baada ya kilima. Duka la mwisho, lile ambapo piki ilitakiwa kuachwa, alilipita hata hakuliona.

"Jua," akalia Jean-Marie sikioni mwake. "Jua litalegea sasa hivi. Endesha."

Akaendesha. Na hapo ndipo kidole gumba kilipomsaliti. Mtu aliyezoea Uvira hapigi kona bila klaksoni. Ukikuta mtu unapiga, ukikuta mbuzi unapiga, ukikuta rafiki unapiga mara tatu. Délice alijua vizuri kwamba huku juu mambo si hivyo. Huku ukiona ng'ombe unazima, unasubiri, unawaacha wapite na ukuu wao. Ameshafanya hivyo mara ngapi na ndagala zake? Lakini haraka, na mzee anapiga kelele mgongoni, na kona ya mwisho kabla ya Rukobero; kidole kikaenda chenyewe. Akapiga klaksoni, ndefu, ya mjini.

Nyuma ya kona kulikuwa na kundi zima la Hagenimana. Limepigwa brashi mpaka linang'aa, pembe zimefungwa vitambaa, limechelewa leo kwa kupambwa, linarudishwa uani taratibu kuwasubiri wageni. Pembe zikainuka zote pamoja, na kwato zikatawanyika. Wengine juu, wengine chini, wengine moja kwa moja kwenye shamba la viazi la mchungaji wa kanisa. Wafugaji wakakimbia wakipiga miluzi. Délice akazima mashine. Jean-Marie akashuka bila kuombwa, kwa njia ya ubavu, na suti yake nyeupe ikafahamiana na samadi.

Aibu ilimshika Délice. Si aibu tu. Aliona yote kwa mara moja: Pontien amekosa mke, na Tantine hatahitaji tena kueleza kwa nini piki iuzwe.

Mzee Hagenimana akatokea njiani akiegemea fimbo. Mrefu, koti refu, kofia, nyonga moja mbovu inayomfanya atembee kwa kuyumba, lakini macho yake hayakuyumba.

"Nani amepiga ile kitu?"

Jean-Marie alifungua kinywa. Msemaji ni msemaji. Tayari alikuwa na hotuba yenye mvua ndani yake, na Mungu, na tabia za pikipiki. Délice akamtangulia.

"Ni minye, papa. Minye Délice, dada ya Pontien. Nimekosa."

Mzee akamtazama kuanzia kaske hadi viatu. Wafugaji wakarudisha ng'ombe mmoja mmoja, akawahesabu kwa macho, halafu uso wake ukabadilika.

"Gaju iko wapi?"

Gaju alikuwa mtamba wa rangi ya asali ambaye mzee alimlea kwa mkono tangu mama yake alipokufa. Ndiye ambaye angetangazwa leo kuwa wa Teta, zawadi ya baba kwa nyumba mpya. Mfugaji mmoja akanyoosha fimbo. Huko, ng'ambo ya bonde, kwenye tuta la kilima cha pili, kalionekana kadoa kadogo ka asali, kamesimama, kanatetemeka.

"Hasikiage mutu mwingine," akasema mzee polepole. "Ukimukaribia anakimbia mupaka Itombwe. Na minye, na hii nyonga..." Akalitazama jua. Wote wakalitazama.

Délice akaigeuza piki ikatazama bonde. "Papa, nitakupeleka."

"Na ile kitu? Ile iliyomukimbiza?"

"Kushuka, haina kelele. Ninaizima. Inashuka yenyewe."

Wafugaji wakacheka. Mzee hakucheka. Aliiinamia piki, akabonyeza kiti kwa kiganja kama anayepima mgongo wa mnyama, kiti kikashuka na kurudi. Akaguna. Kisha akampa mfugaji mmoja kofia yake aishike, akarusha mguu mzima juu, na ule mbovu wakamsaidia.

Wakashuka. Hakuna njia pale, ni majani na mteremko. Mashine imezimwa, Délice amesimama, magoti yamekunjwa, vidole viwili kwenye freni, mguu unagusa freni ya nyuma na kuiachia, kugusa na kuachia, na kinachosikika ni upepo na sheni inayonong'ona. Shimo, akalizunguka. Jiwe, springi zikalimeza. Mwendo ukaongezeka, majani yakawa yanachapa buti, ukingo wa kijito ukaja, wakauruka, ndiyo, wakauruka, na wakatua upande wa pili bila hata mlio. Délice alihisi mikono ya mzee ikikaza kiunoni mwake, halafu ikilegea, na nyuma yake akasikia sauti ya ajabu. Mzee Hagenimana alikuwa akicheka. Kicheko cha chini, cha mtu aliyekisahau akakikuta mfukoni.

Wakasimama chini ya tuta. Mzee akaita, si kwa nguvu. Akamtaja Gaju kwa majina yake ya sifa, yale ambayo wafugaji huwatungia ng'ombe wao, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kuimba. Mtamba akageuza masikio, akaja hatua kwa hatua na kuitia pua yake yenye maji ndani ya kiganja chake.

"Sasa namna gani tunapanda?" akauliza mzee. "Ukiwasha, anaenda."

Délice akafikiri. "Papa, ukae ukimuangalia yeye. Usoni. Usiache kusema."

Ndivyo mzee Hagenimana, shemasi wa kanisa, alivyogeuka na kukaa kinyumenyume juu ya piki, mgongo wake ukiegemea mgongo wa Délice, fimbo mapajani. Délice akawasha kwa upole wote aliojaliwa. Gaju akaruka. Mzee akamtaja. Gaju akasimama. Vitesi ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, kilima kizima kwa kukatakata, huku na huku, huku na huku, gurudumu la nyuma likitafuna udongo, na sauti ya mzee ikisifu bila kukatika. Na mtamba, jamani, akafuata.

Walipokuwa katikati ya mlima mzee aliacha kidogo kusifu. "Miaka mingi sijafika huku," akasema. "Ng'ombe banakula huku kila siku, minye ninasikia habari tu, sawa mugonjwa. Utakuya tena siku gani?"

"Sikuyi tena, papa. Piki inauzwa siku ya kwanza."

"Juu ya nini?"

"Tantine anasema inatupatisha haya kwa bakwe."

Mzee akarudi kwenye sifa za Gaju.

Ukingoni walikuwa wamesimama watu wote. Wa jeep pia walikuwa wamefika kwa miguu, wanahema, imvutano zimeinuliwa, Tantine Charlotte mbele na mkono kinywani. Aliona piki ndefu ikitoka bondeni na mwanawe aliyemlea amesimama juu yake, matope mpaka masikioni, na mkwe mtarajiwa nyuma amekaa kinyume akimwimbia ng'ombe. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Ng'ombe walikuwa bado uani. Jean-Marie, ananuka, akasema maneno yake, na tumpe haki yake: alisema vizuri kuliko siku zote. Wakajibiwa, wakatatizwa, wakajibu. Mwishowe mzee Hagenimana akasimama.

"Teta tunawapa," akasema, na vigelegele vikaanza, akavizima kwa fimbo. "Na Gaju ninampa Teta. Atakaa kwangu mpaka azae. Lakini niko na neno moja. Sisi na ninyi sasa ni bakwe, na bakwe banatembeleana. Minye nyonga yangu imekufa. Habari ya mutoto wangu na ya ng'ombe yake italetwa na huyu, Délice, na hii chombo yake, na akifika atanizungusha kwa ng'ombe zangu zote. Hilo ndilo neno langu. Hamulitaki, mukunywe maziwa murudi."

Neno la baba wa binti siku hiyo likikubaliwa na msemaji limefungwa, hakuna wa kulifungua. Jean-Marie akageuka polepole kumtazama Tantine Charlotte, kwa maana mama mlezi ndiye mwenye nyumba. Uani ng'ombe wanacheua. Délice hakuweza kuinua macho. Alisikia tu viganja viwili vikipigwa, taratibu, peke yake, kabla watu wengine wote hawajafuata. Alipoinua uso akakuta ni Tantine.

Baadaye, watu wakinywa maziwa, Tantine Charlotte alitoka nje ya ua akapanda juu ya kichuguu ambako wanasema mtandao unapatikana, imvutano imeshikwa kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine. Délice alikuwa pale chini akitoa majani yaliyojisokota kwenye sheni, na alisikia kila kitu.

"Alo? Ni Charlotte wa Songo. Usikuye siku ya kwanza." Akasikiliza. Upande wa pili yule mchuuzi wa Kavimvira alikuwa anasema sana. "Hapana, hatukupata mununuzi mwingine. Haiko ya kuuzwa. Iko ya bakwe."

Akakata simu, akashuka kichuguu kwa uangalifu. Délice alikuwa analia waziwazi, hajifichi. Tantine akalowesha ncha ya kitambaa chake kwa mate, akamshika kidevu kama zamani, akaanza kumfuta matope usoni.